Neno ‘mafuta’ limelemewa, tulipunguzie mzigo

NENO ‘mafuta’ ni miongoni mwa maneno yanayofanyishwa kazi nyingi mno katika Kiswahili. Kinachokaangia chipsi ni mafuta. Kinachowasha koroboi ni mafuta. Anachopakwa mtoto baada ya kuoga ni mafuta, kinachoganda juu ya supu ya mbuzi ni mafuta, na dereva wa matatu akiona mshale umelala, husema anaenda kutia mafuta. Kile kilichomo ndani ya transfoma iliyoangikwa kwenye mlingoti karibu na nyumba yako, nacho tumekiita mafuta.

Katika mazungumzo ya kila siku, muktadha hutuokoa. Hakuna anayetumwa dukani kununua mafuta ya mandazi akarudi na petroli. Lakini muktadha una mipaka yake. Kwa miaka mingi vyombo vya habari nchini vimeripoti jinsi transfoma zinavyofunguliwa usiku, zikanyonywa, na kilichomo kikauzwa kwa wenye mashine za kuchomelea vyuma, kwa watengenezaji wa vipodozi vya vichochoroni na, la kuogofya zaidi, kwa wakaangaji wa vyakula kandokando ya barabara. Biashara hiyo huendelea kwa sababu mlaji haoni tofauti. Rangi ni ya mafuta, utelezi ni wa mafuta, na jina pia ni mafuta.

Sidai kwamba mwizi huiba kwa sababu ya upungufu wa istilahi. Mwizi anajua vyema anachokiiba. Huenda anakijua kumliko mwandishi anayeripoti wizi huo. Dai langu ni kwamba Kiswahili chetu cha magazetini, cha redioni na cha afisini hakijamsaidia anayedhulumiwa kutambua kilichomo kikaangoni. Kosa hilo halitokani na umaskini wa lugha. Maneno tunayo. Tunachokosa ni nidhamu ya kulifungia neno moja kazi moja, na nidhamu hiyo ndiyo uti wa mgongo wa maandishi yanayoitwa viwango vya kimataifa.

Tuanze na kifungu tunachokisoma sana: ‘mafuta ya transfoma’. Mwanafunzi wa kidato cha pili anajua kwamba a-unganifu ni kiungo chenye sura nyingi. ‘Mafuta ya nazi’ huonyesha asili: yametoka kwenye nazi. ‘Mafuta ya taa’ huonyesha matumizi: ni ya kuwashia taa. ‘Mafuta ya mgonjwa’ huonyesha mmiliki. ‘Mafuta ya debe’ huonyesha chombo. Je, ‘mafuta ya transfoma’ huonyesha nini? Msikilizaji aliyezoea mafuta ya alizeti na mafuta ya mahindi anaweza kudhani ni aina nyingine ya mafuta, iliyotiwa tu katika mtungi wa stima ili kuhifadhiwa. Kifungu hicho kinatuambia mahali yanapokaa. Hakituambii yanafanya nini humo wala yametengenezwa kwa nini.

Kazi yenyewe ni mbili. Kwanza, mafuta hayo huhami, yaani huzuia umeme usiruke kutoka waya mmoja hadi mwingine au kutoka kwenye waya hadi kwenye chuma cha tangi. Pili, huchukua joto kutoka kwenye koili na kulipeleka nje ili mtambo usiungue. Kitenzi ‘kuhami’ ni cha zamani, na maana yake ni kukinga na kulinda. Waandishi wa sayansi wamekitumia kuunda ‘kihami’, kitu kisichopitisha umeme. Kwa hivyo ‘mafuta ya kuhami’ ni kifungu kilicho tayari, kifupi, chenye mizizi, na kinachotaja kazi. Kwa nini hatukitumii? Nadhani tumekiogopa kwa kuwa kinakaribiana kisauti na ‘kuhama’. Lakini lugha inayotofautisha ‘paa’ mnyama na ‘paa’ la nyumba haiwezi kushindwa na ‘kuhami’ na ‘kuhama’.

Sasa tutazame jinsi waandishi wa viwango wanavyofanya kazi yao. Tume ya Kimataifa ya Elektrotekniki, yaani IEC, iliundwa London mwaka wa 1906, na leo makao yake yako Geneva. Kamati yake nambari 10 ndiyo inayoshughulikia vitu vinavyotiririka ndani ya vifaa vya umeme: mafuta ya kuhami, gesi za kuhami, na hata vilainishi vya mitambo inayozungushwa na mvuke. Andiko lake linalojulikana sana ni lile lenye nambari 60296, linalohusu mafuta ya kuhami yatokanayo na petroliamu.

Ukilisoma andiko hilo kama mhakiki asomavyo kazi ya fasihi, cha kwanza kukuvutia ni anwani. Toleo la 2012 lilitaja mafuta ‘ambayo hayajatumika’, ya transfoma na ya swichi kubwa za umeme. Toleo la 2020 likalifuta neno hilo la ‘hayajatumika’, na badala ya kutaja transfoma na swichi likasema ‘vifaa vya umeme’. Mabadiliko ya maneno mawili matatu tu, lakini nyuma yake kuna jambo kubwa: toleo jipya limeyakubali pia mafuta yaliyowahi kutumika kisha yakasafishwa upya, mradi yafaulu vipimo. Anwani ilibadilishwa kwa sababu ukweli ulibadilika.

Hapa Kiswahili kinapata mtihani. Wengi wetu tungeitafsiri ile anwani ya zamani kwa kusema ‘mafuta mapya’. Hilo lingekuwa kosa. Shati lililokaa kabatini miaka kumi bila kuvaliwa si jipya, ingawa halijavaliwa. Mafuta yaliyosafishwa upya kiwandani jana ni mapya kwa tarehe, lakini si mafuta ambayo hayajatumika. Waandishi wa viwango walikwepa kivumishi hicho na kuchagua maelezo marefu yasiyo na utata. Nasi pia tuna kirejeshi, na kinatosha: ‘mafuta ambayo hayajatumika’. Ni refu, ndiyo, lakini fundi anayelipokea pipa hatauliza mara mbili.

Mtihani wa pili umo katika kitenzi ‘kusafisha’. Kwetu sisi, kusafisha ni kusafisha. Kumbe mafundi wa mitambo hii wana ngazi tatu. Ya kwanza ni kuondoa uchafu, maji na gesi kwa kuchuja na kukausha tu, bila kubadili kemia ya mafuta. Ya pili ni kuondoa pia asidi na masalia yaliyoyeyuka ndani ya mafuta yaliyozeeka, kwa mfano kwa kuyapitisha kwenye udongo maalumu unaonyonya uchafu huo. Ya tatu ni kuyarudisha kiwandani yakasafishwa upya kabisa. Mtu akikuuzia pipa na kukuambia ‘hii imesafishwa, boss’, amekuambia ngazi gani? Napendekeza tuseme ‘kuchuja na kukausha’ kwa ngazi ya kwanza, ‘kuhuisha’ kwa ya pili, na ‘kusafisha upya’ kwa ya tatu. ‘Kuhuisha’ lina maana ya kurudishia uhai, na ndilo jambo lenyewe linalofanywa kwa mafuta yaliyochoka.

Mtihani wa tatu ni kivumishi ‘-zito’. Mekanika wa mtaani husema ‘oili nzito’ na ‘oili nyepesi’, na wateja wake humwelewa. Lakini andiko la 60296 linapima vitu viwili tofauti ambavyo sisi tumeviweka katika kapu hilo moja. Kuna densiti, yaani uzito wa mafuta kwa ujazo wake: katika nyuzijoto 20 za selsiasi, isizidi kilo 895 kwa kila mita moja ya ujazo. Halafu kuna mnato, yaani ukaidi wa mafuta dhidi ya kutiririka: katika nyuzijoto 40, usizidi milimita za mraba 12 kwa sekunde. Asali ina mnato mwingi. Zebaki ni nzito kushinda asali mara nyingi, lakini humiminika kwa urahisi. Mafuta yenye mnato mwingi kupita kiasi hayazunguki vyema ndani ya tangi, joto halitoki, na mtambo huungua. Kwa hivyo ‘mafuta mazito’ ni kauli inayofaa gereji, si kauli inayofaa cheti cha ubora. ‘Mnato’ ni neno letu, limo kamusini. Tulitoe huko tulitumie.

Mtihani wa nne ni ule wa maji. Sote tumelelewa na kauli kwamba mafuta na maji hayachanganyiki. Kwa macho ya mpishi, ni kweli. Kwa macho ya mhandisi, maji machache sana hujificha ndani ya mafuta bila kuonekana, na hayo machache ndiyo hatari. Andiko hilo linaruhusu miligramu 30 tu za maji katika kila kilo ya mafuta yanayoletwa kwa shehena kubwa, na 40 kwa yale yanayoletwa katika mapipa. Kisha mafuta hupimwa nguvu kwa kuwekwa baina ya elektrodi mbili zilizoachana kwa milimita 2.5, umeme ukaongezwa polepole hadi yashindwe kuuzuia. Yanapoletwa, yasishindwe kabla ya kufikia volti 30,000. Yakishachujwa na kukaushwa maabarani, yasishindwe kabla ya volti 70,000. Tofauti kati ya nambari hizo mbili, kwa sehemu kubwa, ni maji na vumbi. Ndiyo maana mafundi husema ‘mafuta makavu’. Mwalimu wa lugha anaweza kukiona kifungu hicho kama kinaya. Mimi nakiona kama istilahi nzuri, ya wazi, inayostahili kuingizwa kamusini.

Pamoja na haya yote kuna suala la vitenzi visaidizi, nalo ndilo naliona kuwa zito kuliko yote. IEC na shirika mwenzake la viwango, ISO, wana mwongozo unaowaambia waandishi wao ni kitenzi kipi cha Kiingereza kitumike kwa ajili ya jambo gani. ‘Shall’ ni sharti. ‘Should’ ni pendekezo. ‘May’ ni ruhusa. ‘Can’ ni uwezekano. Mwandishi hana uhuru wa kuvichanganya ili kupamba mtindo wake.

Linganisha na Kiswahili chetu cha matangazo. ‘Mafuta yanapaswa kupimwa kabla ya kutiwa kwenye tangi.’ Hilo ni sharti au ni ushauri mwema? ‘Mafuta haya yanaweza kuchanganywa na yale.’ Tumeruhusiwa kuyachanganya, au tumeambiwa tu kwamba huchanganyika? Mzee akikwambia ‘unafaa kumsalimu mjomba wako’, unajua kwa sauti yake kwamba hiyo ni amri. Karatasi haina sauti. Tukiamua kuandika viwango kwa Kiswahili, tuwe na mgao wetu usiobadilika: ‘sharti’ kwa lililo lazima, ‘inapendekezwa’ kwa ushauri, ‘inaruhusiwa’ kwa ruhusa, na ‘inawezekana’ kwa uwezekano. ‘Yanapaswa’, ‘yanafaa’ na ‘yanaweza’ tuyaachie mazungumzo.

Na tukishasema viwango, neno lenyewe ‘kiwango’ lina matatizo ya ndugu yake ‘mafuta’. Tunasema kiwango cha elimu, kiwango cha riba, kiwango cha maji mtoni, na timu imeshuka kiwango. Mwandishi wa ripoti ya maabara akijisahau ataandika kwamba ‘kiwango cha maji kimepita kiwango cha kiwango’. Dawa ipo: ‘kiwango’ kwa andiko lililokubaliwa, ‘kiasi’ kwa kilichopimwa, na ‘kikomo’ kwa mpaka usioruhusiwa kuvukwa. Kiasi cha maji kimepita kikomo cha kiwango. Sasa tumeelewana.

Tanzania wana Shirika la Viwango. Sisi huku, magazeti yetu yamezoea kuiita KEBS ‘Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa’. Sina ugomvi na shirika. Nina ugomvi na kitenzi. Kukadiria ni kukisia kwa kutazama: mkulima hukadiria mavuno kabla ya kuvuna. Anayepima volti 30,000 baina ya elektrodi mbili hakadirii chochote. Anapima. Jina linalopendekeza kwamba ubora hukisiwa limemvunjia heshima mtu wa maabara, na limemzoesha msomaji kudhani kwamba ubora ni jambo la maoni. Nisionekane kuwapendelea majirani, nao wana lao: ‘mashine umba’, jina ambalo baadhi yao huiita transfoma. Transfoma haiumbi umeme. Huupokea ukiwa na volti fulani na kuutoa ukiwa na volti nyingine. ‘Transfoma’, japo ni neno la kukopa, halimdanganyi mtu.

Kuna watakaouliza: yote haya ya nini, ilhali mhandisi husoma Kiingereza? Ni kweli, na maandiko ya IEC hutolewa kwa Kiingereza na Kifaransa. Kamusi yake ya istilahi iliyoko mtandaoni imeongezewa visawe vya lugha nyingi, zikiwemo Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kireno. Kiswahili hakimo. Lakini hoja ya mhandisi inasahau safari ya pipa. Kati ya meli bandarini Mombasa na tangi lililo juu ya mlingoti huko Kitui, pipa hupita mikononi mwa mpakuaji, dereva, mlinzi wa bohari, kibarua na fundi. Likiibwa, hupita kwa mwizi, dalali, mwenye kibanda na mteja. Katika mlolongo huo wote, mhandisi ni mmoja. Waliobaki wanaongea Kiswahili.

Historia inatufundisha kwamba uzembe juu ya mafuta hauko kwetu pekee. Mwaka wa 1968, magharibi mwa Japani, kemikali aina ya PCB iliyokuwa ikipitishwa ndani ya mabomba ili kupasha joto mafuta ya pumba za mchele ilivuja ikaingia katika mafuta hayo ya kupikia. Zaidi ya watu 1,800 walitambuliwa rasmi kuwa waathiriwa. Ngozi zao zilitoka vipele vyeusi, na baadhi ya watoto walizaliwa na ngozi iliyobadilika rangi. Wajapani waliuita ugonjwa huo Yusho, maana yake ugonjwa wa mafuta. Mwaka wa 1979 mkasa wa namna hiyo hiyo ukatokea Taiwan. Kemikali hizo za PCB ndizo zilizotumiwa kwa miongo mingi ndani ya transfoma na kapasita kwa sababu hazishiki moto kwa urahisi.

Mkataba wa Stockholm wa 2001, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2004, uliweka mwaka wa 2025 kuwa mwisho wa kutumia PCB katika vifaa, na 2028 kuwa mwaka wa kulenga kuzishughulikia taka zake kwa njia salama. Mafuta ya kuhami yanayotengenezwa leo kwa kufuata 60296 hayaruhusiwi kuwa na PCB inayoweza kugunduliwa. Lakini transfoma kuukuu haina kibandiko kinachomwambia mnyonyaji wa usiku imejazwa nini, wala imewahi kuchanganyiwa nini. Hata pasipo PCB, mafuta ya petroliamu yaliyopikwa miaka ishirini na joto la koili si chakula cha binadamu.

Mambo yanazidi kutatanisha. Kuanzia mwaka wa 2013 IEC ina kiwango kingine, 62770, kinachohusu vihami vinavyotokana na mafuta ya mimea, kama soya. Hivi huoza kwa urahisi ardhini vikimwagika, na havishiki moto upesi. Sasa mtu ataweza kusema, tena kwa haki, kwamba ndani ya transfoma fulani mna mafuta ya soya. Lugha isiyotofautisha itamjibu nini? Mafuta hayo hutiwa kemikali za kuzuia yasiharibike, hukaa miaka mingi pamoja na shaba, chuma na karatasi, na hayarudi jikoni. Yaitwe ‘kihami cha mimea’. Tukimnyima mchuuzi neno ‘mafuta’ hapo, tumemnyang’anya nusu ya uongo wake.

Kuna pia vihami visivyo mafuta wala majimaji. Gesi ya salfa heksafloraidi hutumiwa katika swichi kubwa za umeme. Uwezo wake wa kuongeza joto duniani unazidi ule wa kaboni dioksaidi kwa zaidi ya mara 23,000 katika muda wa miaka 100. Ndiyo maana anwani za kamati ile ya 10 huanza na neno la jumla linalobeba majimaji na gesi kwa pamoja. Kwa Kiswahili, ‘kiowevu’ hakitoshi, kwani kiowevu si gesi. Napendekeza tulichukue ‘giligili’ na kulipa kazi hiyo ya jumla: ‘giligili za kuhami’. Chini yake tuwe na ‘mafuta ya kuhami’, ‘vihami vya mimea’ na ‘gesi za kuhami’. Yale yanayopunguza msuguano katika mitambo inayozunguka, kule Olkaria na kwingineko, yabaki ‘vilainishi’. Kilainishi na kihami vyaweza kufanana machoni na hata kutoka katika kiwanda kimoja, lakini kimoja huamuliwa na msuguano, kingine na volti.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kulindiwa afya yake na kupewa habari anazohitaji. Vifungu hivyo viwili havijakutana juu ya pipa. Sidai andiko zima la 60296 litafsiriwe kesho. Nadai mambo matatu yanayowezekana: orodha fupi ya istilahi iliyokubaliwa na wanalugha pamoja na wahandisi, onyo la Kiswahili kwenye kila pipa na kila transfoma, lenye ‘sharti’ na ‘ni marufuku’ badala ya ‘haifai’, na wahariri wetu wa habari waache ‘mafuta ya transfoma’ na kuandika ‘mafuta ya kuhami umeme, ambayo ni sumu yakiliwa’.

Ni maneno matano ya ziada katika habari ya aya sita. Mhariri atalalamika kwamba nafasi ni finyu, na simlaumu. Lakini mteja aliyesimama mbele ya kikaango saa mbili usiku hana maabara wala elektrodi. Ana masikio tu, na yale aliyoyasikia redioni asubuhi.